Nyayo za Kitangulizi

Mama Atu, anayekaa mlango wa pili kutoka kwa Tumpe, anaapa kwamba aliona kwa macho yake mwenyewe. Anasema alikuwa anarudi kutoka soko la Mwanjelwa na kapu lake la maparachichi, akakatisha nyuma ya uwanja wa klabu ya Ngurumo kukwepa tope, akachungulia kwenye tundu la uzio. Ndani akamwona Gwamaka, yule kiungo kijana ambaye mji mzima wa Mbeya unamzungumzia, anakimbia. Na mbele ya Gwamaka anakimbia Gwamaka mwingine.

"Wawili?" aliuliza Tumpe.

"Wawili, mwanangu. Mmoja wa nyama, mmoja wa mwanga. Yule wa mwanga ana ndevu, ana kifua, mtu mzima kabisa. Mvua inapita katikati yake kama inapita kwenye moshi. Sasa sikiliza. Yule wa mwanga anachechemea. Mguu wa kulia anautua hivi, polepole, kama anayekanyaga mwiba. Na mtoto wa watu nyuma yake, hivi hivi."

Mama Atu akaweka kapu chini, akachechemea mpaka kwenye mlango wa lifti na kurudi, ili aeleweke.

"Hilo ni jini la klabu ya Nanga," akamaliza. "Wamelituma limharibu mtoto goti, halafu waje wamchukue kirahisi."

Tumpe alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Atu, hilo jini nimelitengeneza mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Linaitwa kitangulizi. Na halichechemei."

"Haya. Basi mimi macho yamezeeka," alisema Mama Atu akiokota kapu lake, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali hata kidogo.

Kitangulizi hakikuwa jambo geni tena katika ligi. Mchezaji alivaa jezi iliyofumwa kwa nyuzihisi, nyuzi nyembamba kuliko za buibui, ambazo zilihisi kila msuli unavyovuta, kila pumzi na kila tone la jasho. Habari zile zilikwenda kwenye akili mnemba iliyokaa chini ya jukwaa kuu. Akili hiyo ilikuwa imejifunza miili ya wachezaji wengi mno, tangu ujana wao mpaka siku walipotundika viatu. Basi ilimchukua kijana wa leo, ikamkuza, ikamkomaza, na taa zilizo juu ya nguzo za uwanja zikamchora hewani jinsi atakavyokuwa akifika miaka thelathini. Huyo wa mwanga alikimbia, akageuka, akapiga pasi. Picha ya kawaida hukumbuka yaliyopita. Kitangulizi kilitangulia.

Hesabu zake ziliandikwa na Tumpe Mwaisaka, binti wa Iyunga, hapa hapa Mbeya, na klabu za miji mingi zilizitumia kuamua nani abaki na nani aende. Tumpe aliiamini kazi yake kama mpishi anavyouamini mkono wake kwenye chumvi. Haikuwa majivuno. Ilikuwa imemtokea mara nyingi mno kuwa sahihi.

Wiki ile hasa alitakiwa kuwa sahihi. Nanga, klabu kubwa ya Bagamoyo Mpya, walikuwa wanamtaka Gwamaka, na kwa ajili yake walikuwa tayari kumtoa Chikondi, mshambuliaji wao mwenye mguu wa kushoto mkali, pamoja na kipa. Ngurumo walihitaji mshambuliaji kama mgonjwa anavyohitaji maji. Msimu mzima walicheza mpira mtamu usio na magoli, ugali mweupe usio na mboga. Lakini Gwamaka alikuwa mtoto wao. Alikulia kwenye uwanja ule. Wanachama wangekutana Jumamosi kuamua, na Tumpe alikuwa ameombwa awaonyeshe kitangulizi cha kijana kabla hawajasema neno.

Kwa hiyo kesho yake alipanda treni ya sumaku mpaka kituo cha uwanjani. Alijiambia anakwenda kukagua taa. Ukweli ni kwamba Mama Atu alikuwa amemharibia usingizi.

Mvua ya Mbeya ilikuwa inanyunya, ile isiyoamua kunyesha wala kuacha. Uwanja wa Ngurumo ulikuwa wa mwisho katika ligi kuwa na nyasi za kweli na udongo wa kweli. Wenzao wote walishatandika zulia lisiloshika tope. Wageni walidhani ni ushamba. Kocha Haule alikuwa amesimama pembeni chini ya mwavuli, na Mwenyekiti Asukile karibu yake, mikono mfukoni. Uwanjani Gwamaka wa mwanga alikuwa anakimbia kuelekea katikati, na Gwamaka wa nyama nyuma yake.

Wote wawili walikuwa wanachechemea.

Si sana. Mtu asiyejua miguu asingeona. Lakini Tumpe alijua miguu.

"Imeanza lini hii?" aliuliza.

"Ulikuwa hujui?" Mwenyekiti alishangaa. "Sisi tunaona wiki ya ngapi sasa. Goti linakwisha, mwanangu. Ndiyo maana nataka mabadilishano yaishe upesi. Nanga walimwona mwanzo wa msimu, alipokuwa anang'aa."

"Kwa hiyo mnawaficha."

"Ukipeleka ng'ombe mnadani, unamwambia mnunuzi kwamba jana alikohoa?"

"Gwamaka si ng'ombe, Mzee Asukile."

"Najua si ng'ombe! Ndiyo maana nampeleka kwenye madaktari. Nanga wana hospitali nzima ndani ya uwanja. Sisi tuna nini? Tuna Daktari Mwile na ndoo yake ya barafu." Alisema hivyo bila kucheka, na Tumpe akaona kwamba mzee alikuwa ameshalifikiria jambo hili mpaka likamuuma.

Tumpe alimwita Gwamaka. Kijana alikuja mbio, akasimama kwa heshima, mikono nyuma, maji yanamtiririka puani. Alikuwa na sura ya kitoto na shingo ndefu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa hapa. Nipe goti."

Tumpe alitoa darubini-nyama, kifaa kidogo kama kipande cha sabuni, akakipitisha juu ya goti. Ndani ya kioo chake mifupa, mishipa na gegedu vilionekana wazi, kila kimoja mahali pake. Akakirudisha tena, polepole. Goti lilikuwa zima. Halikuwa na mchubuko, halikuwa na uvimbe, lilikuwa goti la mbuzi wa mlimani.

"Linauma?"

"Hapana, dada."

"Lilishawahi kuuma?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unachechemea?"

Gwamaka aliinamisha kichwa akalitazama goti lake kama mtu anayetazama mali ya jirani. "Mimi?" akauliza. "Nachechemea?"

Kocha na Mwenyekiti walitazamana. Tumpe alimwambia arudi uwanjani, kisha akaketi kwenye benchi la wachezaji wa akiba, akafunga koti lake mpaka kidevuni, akatulia. Hakugusa mtambo. Alitazama tu.

Alitazama mwanga, hakuona kosa. Alitazama taa, hazikuwa na kosa. Mwishowe akaacha kutazama mashine akamtazama kijana, na hapo akaona kitu ambacho hakikuwamo katika hesabu zake zote. Gwamaka hakuwa anautazama mpira. Alikuwa anatazama chini, hatua chache mbele yake. Kila kitangulizi kilipokanyaga, mwanga wa unyayo ulibaki kidogo juu ya majani yaliyolowa, kisha ukafifia. Na kabla haujafifia, Gwamaka alikuwa ameshautia mguu wake ndani. Siyo karibu yake. Ndani yake, kisigino kwa kisigino.

"Kocha," aliita, "nani alimwambia akifuate?"

Kocha Haule alimgeukia kama aliyeulizwa nani alimwambia mtoto anyonye. "Injinia, wewe ni mwenyeji hapa. Hujui sisi tunafundishaje?"

Tumpe alikuwa anajua, kama kila mtu wa Mbeya alivyojua, ila alikuwa hajawahi kulitia maanani. Katika klabu ya Ngurumo kijana hakufundishwa kwa maneno. Alipewa mkubwa. Mkubwa alikimbia mbele kwenye tope, na mdogo nyuma yake akikanyaga nyayo zake zile zile, asubuhi na jioni, mpaka siku mkubwa akigeuka nyuma asiweze kutofautisha unyayo wake na wa mdogo wake. Hapo ndipo mdogo huruhusiwa kupata hatua yake mwenyewe. Ndiyo sababu walikataa zulia. Zulia halishiki nyayo.

"Mkubwa wake alikuwa Osia, nahodha," Kocha alieleza. "Ulipotuletea mtambo, tukaona sasa, Osia ni Osia, lakini huyu wa mwanga ni Gwamaka mwenyewe aliyekomaa. Mkubwa gani atamzidi huyo? Tukawapa vijana wote. Kila mmoja na wake."

Tumpe alifumba macho. Katika klabu nyingine zote kitangulizi kilitazamwa jukwaani, na makocha, na wanunuzi, huku mchezaji mwenyewe yuko bafuni anaoga. Hakuna hata moja iliyowahi kufikiri kukiweka mbele ya kijana kiwe kaka yake.

"Kocha, mtu wa miaka thelathini anakimbiaje?"

"Kwa akili. Anajitunza."

"Anajitunza. Hageuki kwa nguvu ovyo, hatui mguu kwa kishindo. Sasa huyu kijana amefuata mwendo wa mtu anayejitunza. Jezi yake ikaona anautunza mguu wa kulia. Mtambo ukafikiri, kijana wa umri huu haachi kutumia mguu bila sababu, lazima unamuuma. Ukamchora wa kesho anayeutunza zaidi. Naye akafuata. Ukaona tena." Alisimama. "Ni kama watu wawili mlangoni, huyu anasema pita wewe, yule anasema pita wewe. Hapa hakuna goti bovu. Kuna mtoto anamwiga mzee, na mzee anamwiga mtoto."

Kocha Haule alifunga mwavuli wake ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Karibu nao, kwenye bomba la kuoshea viatu, Osia nahodha alikuwa ameinama anasugua tope kwenye njumu zake. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mdogo wake. Alisikia yote. "Kumbe na mwanga nao hukosea mguu," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nilidhani amepata mkubwa bora." Akagonga kiatu kwenye bomba mara mbili, akaondoka.

Jumamosi wanachama walijaa. Walikuja na makoti ya mvua, na mahindi ya kuchoma, na ngoma zao zilizofunikwa nailoni. Ngurumo hawakupiga kura kwa kitufe wala karatasi. Anayekubali alikwenda kusimama kwenye goli la upande wa mlima Loleza. Anayekataa alikwenda goli la upande wa stesheni. Watu walisimama hivyo tangu enzi za babu zao, na ndoa kadhaa zilikuwa zimetetereka kwa sababu mume alionekana goli moja na mke goli lingine.

Tumpe alisimama kwenye duara la katikati, akaeleza yote kwa sauti ya wazi, bila kujipunguzia wala kuwalaumu. Alipomaliza, mama mmoja shabiki akapaza sauti: "Kwa hiyo goti ni zima?"

"Ni zima kabisa."

"Basi mambo kwisha! Chikondi abaki na mguu wake wa kushoto huko huko pwani!" Ngoma zikalia upande wa stesheni.

"Subirini," Mwenyekiti Asukile aliinua mkono. "Mimi nilitaka tubadilishane kwa sababu goti ni bovu, na usiku nilikuwa silali vizuri kwa kuwaficha wenzetu. Sasa goti ni zima. Sifichi kitu. Nanga wanapata kijana mzima, sisi tunapata magoli. Mbona sasa ndiyo vizuri zaidi?"

"Mzee, wewe hata jua likitoka magharibi utasema tumuuze!" mtu alimtania.

"Na wewe hata tukifungwa na shule ya msingi utasema tulicheza vizuri!"

Watu wakacheka, lakini wakaanza kugawanyika kweli, hawa Loleza, wale stesheni. Kocha Haule akasema, "Kabla hamjasimama, mwoneni acheze bila mtambo. Mjue mnachokigombania."

Tumpe akazima taa zote. Uwanja ukabaki na mwanga wa mchana wa Mbeya, wa kijivu. Gwamaka akapewa mpira katikati, wachezaji wenzake wakajipanga.

Mwanzo alikuwa Gwamaka yule yule wa zamani. Aliupokea mpira kwa kifua, akauweka chini kama anayelaza mtoto, akapiga pasi iliyopita kati ya watu kama uzi katika tundu la sindano, na pande zote mbili zikapiga kelele. Mguu wake wa kulia ulitua sawa. Tumpe aliruhusu mabega yake yashuke.

Kisha mpira ukarudi kwake, akatakiwa kugeuka. Akasimama.

Hakuanguka, hakukosea. Alisimama tu na mpira mguuni, shingo ndefu imeinama, anatazama majani hatua chache mbele yake, anasubiri. Beki akaja akauchukua mpira taratibu, karibu kwa kuomba radhi. Akapewa tena. Akaanza vizuri, akafika penye njia mbili, akasimama tena akitazama chini.

Mahindi yaliacha kutafunwa. Tumpe akageuka kuwatazama vijana wengine waliokaa kwenye mstari wakisubiri zamu zao, wale ambao nao walipewa kila mmoja kitangulizi chake. Kipa, mtoto ambaye ndevu zilikuwa bado hazijaota, alitaka kuokota glavu zake. Kabla ya kuinama alijishika kiuno, akaguna kama mzee.

Ilikuwa kazi yake Tumpe kupata dawa, na aliipata pale pale, maana kichwa chake ndivyo kilivyokuwa. "Sikilizeni," alisema. "Jambo hili linatengenezeka. Ninazo kumbukumbu za Gwamaka za mwaka jana, kabla hajaanza kukifuata kitangulizi. Naweza kukigeuza kitangulizi kiangalie nyuma. Nimchore Gwamaka wa mwaka jana, mwepesi, anayegeuka bila kuogopa, akimbie mbele yake. Gwamaka atamfuata yule. Wiki chache tu, atarudi kuwa yeye mwenyewe. Na hawa wengine vivyo hivyo."

"Ndiyo! Safi kabisa!" alisema Mwenyekiti, na safari hii hata mama shabiki alimwunga mkono. Kocha Haule alikubali kwa kichwa. Ilikuwa dawa nzuri. Tumpe mwenyewe aliijua ni nzuri, akainama kwenye mtambo, kidole chake kikafika juu ya kitufe.

"Dada Tumpe."

Gwamaka alikuwa amekuja mpaka mbele yake. Kijana yule hakuwa na desturi ya kusema mbele za watu wazima. Alivuta jezi yake, ile ya nyuzihisi, akaivua juu ya kichwa, akaikunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ndaga, asante sana, dada. Lakini naomba usiwashe."

"Gwamaka, huyu hatakuwa mzee. Ni wewe mwenyewe."

"Ndiyo. Ni mimi." Alikuwa anatetemeka kwa baridi, kifua wazi. "Tangu msimu uanze namfuata mimi. Ukimfuata kaka Osia ukakosea, anageuka anakutukana. Anasema we mbuzi, hapo siyo. Huyu hajawahi kugeuka. Nikikosea, anakosea na yeye."

Hakuna aliyecheka, ingawa wengine walitaka.

Gwamaka akawageukia wanachama, kwanza walio upande wa stesheni, halafu walio upande wa Loleza. "Mkinipeleka Nanga, nitakwenda. Mkinibakiza, nitabaki. Hilo ni lenu wazazi wangu. Mimi naomba moja tu, kabla hamjaamua. Naomba mtu akimbie mbele yangu. Mtu mwenye miguu. Leo, sasa hivi, mzunguko mmoja."

Alisema "mtu," lakini uso wake ulikuwa umeelekea sehemu moja. Osia nahodha alikuwa amesimama kwenye goli la Loleza, pamoja na wale waliokubali kijana aende. Watu waliomzunguka walisogea kidogo kidogo, bila kuambiwa, mpaka akabaki peke yake chini ya mwamba wa goli, na mvua ikazidi.

Tumpe aliondoa kidole chake kwenye kitufe, akaikumbatia ile jezi iliyolowa.

Osia aliwatazama watu. Aliutazama uwanja, tope lake laini la ukingoni, lisilo bado na unyayo wa mtu. Kisha akainama, akashika kamba za kiatu chake cha kulia, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuona, kwa mvua ile, kama alikuwa anazifunga au anazifungua.